Neno Alilotuazimisha Mwalimu Mashimba

Ndugu waombolezaji, mimi ni Luhaga, mdogo wake marehemu, na familia imenipa kazi hii huku ikijua kwamba naongea sana, basi mtanivumilia.

Mwalimu Jonathan Mashimba alizaliwa Kamanga tarehe 14 Machi 1958, akasoma shule ya msingi hapo hapo na sekondari hapa Mwanza, huku akimsaidia baba yetu kuziba pancha za baiskeli Mabatini. Mwaka 1984 alipata nafasi ya kusomea historia ya lugha nchini Finland, na aliporudi mwaka 1991 ukoo mzima ulikusanyika kumsikia msomi wetu, naye akatuambia kwamba miaka yote hiyo alikuwa anachimba neno moja la kale, rengas, ambalo kwa Kifini ni pete ya chuma, na siku hizi hata tairi. Baba alicheka mpaka akakaa chini, kwamba mtoto kapanda ndege kwenda kusomea tairi.

Kisha akatueleza. Wafini waliliazima neno lile kwa majirani zao enzi za kale, kabla hawajajua kuandika, kisha wenye neno wakaupoteza mwisho wake, ile "as", lakini walioazima wameutunza hadi leo, mdomo kwa mdomo, kiasi kwamba wataalamu wakitaka kujua mwenye mali alisemaje, wanakwenda kumsikiliza aliyeazima. Mimi hilo linanishangaza mpaka leo.

Tarehe 18 Desemba 1993 alifunga ndoa na shemeji yangu Dorcas, muuza vitenge wa Mabatini, wakajaliwa watoto wawili, Odeta na Kija, naye akafundisha sekondari Nyakato hadi alipostaafu mwaka 2018. Jioni, shemeji akichambua dagaa, kaka alirudia jinsi neno lile linavyobadilika, rengas ni pete, renkaan ni ya pete, na shemeji akamfuatisha kwa kumtania tu, mpaka likamkaa kichwani.

Tarehe 6 Februari 2024 alipata kiharusi, na mtu aliyeishi kwa maneno akanyang'anywa yote, Kisukuma, Kiswahili, Kifini, hata jina la mke wake, na shemeji akawa na hofu moja tu, kwamba atamzika bila kuisikia tena sauti yake. Siku moja akimlisha uji, kwa kukata tamaa, alisema rengas, na kaka akajibu renkaan. Nilikuwepo, nikaweka kikombe chini. Kuanzia hapo mengine yakarudi polepole, na kabla ya Pasaka alimwita Dorcas kwa jina.

Alifariki nyumbani tarehe 9 Juni 2025, baada ya kiharusi cha pili. Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani wa Mabatini, walimu wenzake, na kwaya iliyokaa nasi.

Asubuhi hii, kabla jeneza halijafungwa, shemeji aliinama akasema rengas, akangoja. Aliyejibu ni Odeta, ambaye hakuna aliyewahi kumfundisha, akasema renkaan.

Lala kwa amani, kaka, neno lako lipo nyumbani.