Joka Lililotoka Mapema

Treni ya kwenda Nara ilikuwa na nafasi tele, lakini Bi Tamae alichagua kiti kilichotazamana na watu wawili waliopanga karata juu ya begi. Mmoja, kinyozi mzee Igarashi, alikuwa amemshinda mwenzake, msichana Natsuho, mchana huo, katika mashindano ya duka la karata, zile za kupiganisha majoka na wanyama.

"Joka ulilitoa mapema," alisema mzee. "Ungelificha zamu moja tu, sasa hivi ningekuwa nalia."

"Ningelificha, mzee wangu, ungenimaliza na jeshi lako la panya."

"Panya gani? Mkononi nilikuwa na takataka tupu."

"Uso wako haukusema hivyo."

"Nanyoa watu wabishi kila siku, binti. Uso nimeufundisha kunyamaza."

Bi Tamae alicheka ndani ya barakoa. Natsuho alikuwa ameinamia karata.

"Mimi nikishindwa huinama, nikashukuru, nikakimbilia mlangoni. Leo nilikuja kucheza mara ya mwisho. Uliponiomba tuurudie mchezo pamoja, nilidhani unataka kunicheka. Kumbe mwaka mzima majibu ya kwa nini nashindwa yalikuwa yakibaki mezani, nami nimeshaondoka. Asante sana, mzee."

"Asante ya nini, na kosa hulikubali?"

"Silikubali. Jumapili nitakuonyesha."

Treni ilisimama na milango ikafunguka.

"Si ulisema unashuka hapa?" mzee alimkumbusha.

"Nilisema," alijibu Natsuho bila kuinuka. "Gawa tena."

Kituo kilikuwa cha Bi Tamae pia. Naye alibaki kitini.