Saa Inayotembea Haifunguliwi

Ndugu, jamaa na majirani mliofika kutusindikiza, mimi ni mdogo wake marehemu, niliyenyonya naye ziwa moja, na nimepewa kazi ya kusoma wasifu wake ingawa najua yeye angelalamika kwamba nausoma haraka mno.

Kaka yetu, ambaye wengi wenu mlimwita Majira, alizaliwa tarehe 9 Juni 1951, kifungua mimba wa mwalimu na mkunga, akasoma shule ya msingi iliyo nyuma ya soko, kisha akafundishwa ufundi wa saa na mjomba wetu, na mwaka 1972 akafungua kibanda chake kando ya posta, ambako alikuwa na sheria moja, saa inayotembea haifunguliwi, hata mwenyewe akililia. Alimwoa shemeji yetu tarehe 20 Desemba 1975, wakajaliwa mabinti wawili, na fundi saa huyo alichelewa hata harusi yake.

Februari 2014 aligundulika kuwa na saratani ya damu, ile inayokua taratibu, daktari akashauri asianze dawa bado, awe anapimwa na kungoja, sisi tukachukia tukidhani mgonjwa wetu amekatiwa tamaa, lakini yeye akacheka, akasema hatimaye amempata daktari anayejua kazi, na kwa miaka saba wote wawili walikuwa sahihi, alifanya kazi, akabeba wajukuu, akazika wenzake waliokuwa wazima.

Shida ni kwamba daktari alisema “bado”, naye akasikia “kamwe”. Mwaka 2021 tezi za shingo zilivimba, jasho likawa linalowesha shuka, daktari akamwambia sasa wakati umefika, kaka akajibu kwamba bado inatembea, akawa anafunga skafu shingoni jua likiwaka. Alikubali Novemba 2022, baada ya shemeji kumpigia magoti, lakini dawa ilimkuta amekwisha nguvu, nimonia ikamwingia, akafariki hospitalini asubuhi ya tarehe 3 Machi 2023.

Msiba si mahali pa lawama, ila nina uchungu na nitausema, kungoja kulikuwa dawa, na kuacha kungoja kulikuwa dawa pia, naye alikunywa moja tu.

Tunamshukuru daktari, ambaye hakuchoka kumpigia simu, wauguzi, majirani mlioshinda na shemeji, na mafundi wenzake mliofunga vibanda leo, nanyi wateja mliomtania kuhusu ile skafu msijilaumu, hamkujua, alitaka msijue.

Umengoja sana, kaka yangu. Sasa pumzika kwa amani.