Kicheko cha Mwisho cha Aleyamma Kuruvila

Baba Paroko, ndugu wa ukoo wetu, wasanii wenzake, nanyi mliomjua kwa sura tu kupitia televisheni, familia imenipa mimi, Pothen, mdogo wake marehemu, jukumu la kuwasomea maisha yake.

Marehemu Aleyamma Kuruvila alizaliwa tarehe 9 Februari 1952 hapa Changanassery, mtoto wa kwanza wa Mzee Ouseph, mshona majoho ya mapadri, na Mama Akkamma, akasoma shule ya masista hadi darasa la kumi, mwaka 1967, ambako aliigiza Bikira Maria bila kupepesa macho, mpaka watoto wadogo wakalia wakidhani amegeuka sanamu.

Mwaka 1969 alijiunga na kikundi cha maigizo mjini Kottayam, na tarehe 11 Mei 1974 akafunga ndoa na mpiga kinanda wa kikundi hicho, marehemu Kuruvila, wakajaliwa binti mmoja, Susamma. Katika filamu yake ya kwanza, ya lugha yetu ya Kimalayalam kama zote zilizofuata, aliigiza maiti, na kwa kuwa alijua kuzuia pumzi kuliko mtu yeyote, waongozaji waliendelea kumwita afe, kwanza katika filamu, kisha, kuanzia mwaka 1994, katika tamthilia za televisheni, jumla mara thelathini na nane.

Wenzetu wa kazi hii wanaijua desturi: aliyeigiza maiti hainuki jenezani mpaka kamera iwashwe tena, afumbue macho, aicheke lenzi, ili kifo kile kisibaki kuwa chake. Aleyamma alicheka mara thelathini na saba. Mara ya thelathini na nane, tarehe 3 Agosti 2009, mjini Thiruvananthapuram, jua lilikuwa linazama, onyesho la harusi lilikuwa linasubiri, na msimamizi wa kazi akaamuru kamera ihamishwe. Marehemu, akiwa bado amelala, akasema, "We mtoto, kicheko changu bado!" naye akamjibu, watu wakiangua kicheko, "Dada, utacheka ukishapata chai." Msimamizi huyo nilikuwa mimi.

Mwaka 2011, katika harusi ya Susamma, sote tulimwona mama wa bibi harusi akitabasamu, macho yake makubwa wazi, lakini picha zilipotoka, mia nne na kumi na mbili, katika kila moja macho yalikuwa yamefumbwa na mikono imekunjwa kifuani, hata pale tuliposhuhudia ameshika sahani ya keki. Mpiga picha, Shaji, alipokuja kupiga nyingine, akalalamika, "Mama, unaniharibia albamu, fumbua macho jamani!" naye akamjibu kwa upole, "Nimefumbua, mwanangu, kiulize kidude chako."

Tangu hapo hakupata tena nafasi ya mtu aliye hai, kwani waongozaji watatu walimjaribu, wakatazama walichorekodi, wakazima mitambo, nazo nafasi za maiti alizikataa mwenyewe. Mwaka 2016 niliitafuta kamera ile ile ya Thiruvananthapuram, nikaipata, akacheka mbele yake mpaka machozi yakamtoka, na tulipoirudisha kanda, kicheko kilisikika wazi, kikitoka katika mdomo uliofungwa.

Januari 2022 aliugua figo, akalazwa Kottayam, na siku tatu kabla ya mwisho akanishika mkono, akasema, "Mdogo wangu, mfuniko usifungwe kabla sijacheka, na safari hii usiniletee habari za chai." Nikamwambia, "Dada, nitasubiri." Alifariki Alhamisi, tarehe 16 Juni, saa kumi alasiri, akiwa na umri wa miaka sabini.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, majirani waliopika uji wa mchele na kuwapokea wageni katika mvua hii, wasanii wote waliofunga kazi ili wafike, na Baba Paroko, aliyetuuliza mara mbili kama tuna hakika, kisha akaturuhusu.

Shaji, aliyekuja kurekodi maziko haya kama tunavyorekodi maziko yetu yote, amekwisha kusogeza kamera karibu na jeneza. Tunawaomba mkae kimya, na atakayeona jambo lolote usoni pake asipige kelele.

Cheka kwanza, dada, kisha upumzike kwa amani. Jua na lizame, leo sina onyesho jingine linalosubiri.