Maisha ya Raymundi Lugembe, Mpelelezi, na Familia Iliyomfanyia Kazi

Padre, wafiwa wenzangu, majirani, na nyote mliofika kutoka Puge, Choma na hapa mjini Tabora, familia imenituma mimi, Wenceslaus, mdogo wa mjane wake, niwasomee maisha ya shemeji yangu Raymundi Lugembe, na mjane mwenyewe ameniomba jambo moja tu, nisimsingizie wema.

Marehemu alizaliwa Puge, upande wa Nzega, tarehe 3 Mei 1922, mtoto pekee wa kiume katika nyumba ya mabinti, na huko ndiko alikoanza kuamini kwamba watu wengine wote waliumbwa ili wamsikilize. Aliingia shule ya misheni mwaka 1932, akaiacha mwaka 1935, baada ya kumtangaza mwanafunzi mwenzake kuwa mwizi wa kengele ya darasa, kengele ambayo mwalimu aliikuta mezani pake, chini ya kofia yake mwenyewe.

Mwaka 1940 alikuja Tabora, akapata kazi ya kutunza bustani ya ofisa mmoja Mzungu wa polisi, na kwa miaka yote ile alimwagilia maua yaliyo karibu na dirisha, yale ya mbali yakafa, kwa sababu dirishani ndipo yalipozungumzwa mambo ya kesi. Ofisa yule aliporudi kwao Desemba 1961, nchi ilipopata uhuru, alimwachia koti zito la mvua na kioo cha kukuzia vitu, na marehemu akatoka pale akiamini amerithi na akili. Mwezi uliofuata alitundika kibao mbele ya nyumba, kimeandikwa Lugembe na Familia, Wapelelezi, na tangu siku hiyo alivaa lile koti katika jua la Tabora, akitoka jasho na kuliita jasho hilo uchunguzi.

Alifunga ndoa na dada yangu Veneranda, fundi cherehani, tarehe 15 Juni 1946, wakajaliwa watoto wawili, Getruda aliyezaliwa 1947, na Tobias aliyezaliwa 1950. Mke na watoto, wote watatu, walikuwa wapelelezi kwa sababu hawakuulizwa. Mama alikuwa akikaa na wanawake na kusikiliza, Getruda akitazama, Tobias akibeba mizigo, na baba akimaliza kwa kumtaja mtu asiyehusika, kisha mkewe anakwenda kwa mtu huyo kuomba radhi.

Mwaka 1975, watu wa Puge wakiwa wamekwisha kuhamishiwa kijiji cha ujamaa, uliibwa mkanda wa mashine ya kusaga, mashine pekee ya kijiji, wanawake wakarudi kwenye vinu. Mwenyekiti wa kijiji, Silasi, alimwita marehemu, kwa kuwa alikuwa mtoto wa nyumbani, akawalaza wote wanne kwenye nyumba yake mpya. Asubuhi marehemu alifungua mlango, akaufunga, akaufungua tena, akamsifu mwenyeji wake kwa mlango usiopiga kelele, kisha akatoka kwenda kumtafuta mwizi.

Alimpata kabla ya chakula cha mchana. Alikuwa Twalibu, fundi baiskeli, mtu wa Tabora mjini aliyehamia kijijini na mkewe, na ushahidi ulikuwa kwamba kibandani mwake mlikuwa na vipande vya mpira, kama vilivyo katika kila kibanda cha fundi baiskeli duniani, na kwamba alicheka alipoliona koti. Mgambo walimpiga, wakamvunja mkono wa kulia, wakamfungia kwenye ghala la pamba wakingoja lori la kumpeleka Nzega. Marehemu alikula kuku wa mwenyekiti, akalala.

Veneranda hakula. Alikwenda kwenye vinu, akashika mchi pamoja na wanawake, na kabla unga haujalainika alikuwa amekwisha kusikia kwamba kabla ya mkanda kupotea mashine ilikuwa ikiunguruma hata siku ambazo kijiji kizima kipo shambani, na kwamba mtama uliokuwa ukisagwa haukuwa wa kijiji. Alirudi kwa Silasi akamkuta Getruda amechuchumaa mlangoni, akizitazama bawaba. Zilikuwa bawaba za mpira mnene wenye nyuzi ndani, mpya, na juu ya moja yalionekana maandishi meupe ya kiwandani.

"Mama," alisema Getruda, "mlango huu umefungwa kwa mkanda wa mashine."

Walimwita mwendesha mashine, akautambua mkanda pale pale. Silasi alikiri mbele ya watu kwamba alikuwa akijisagia nafaka yake kwa siri, mkanda ukamkatikia, akaona haya kusema, na kipande akaona si vizuri kukitupa. Twalibu alifunguliwa. Ndipo marehemu, aliyekuwa ameupita mlango ule mara zote alizotoka na kuingia, alivaa koti lake akasimama mbele ya mkutano.

"Nilimkamata Twalibu makusudi," alisema, "ili mwizi wa kweli ajisahau."

Watu wengine walimpigia makofi. Dada yangu alikwenda kwa Twalibu, akapiga magoti mbele yake na mbele ya mkewe, akakaa kwao akiwapikia mpaka mkono ulipounga, nao uliunga vibaya. Tobias hakurudi Tabora, alikwenda Choma kulima na kufuga, na hakusema tena na baba yake. Twalibu yupo hapa leo, na ameniomba niseme kwamba amekuja kwa ajili ya Mama Getruda.

Mwaka 1977 marehemu alipatikana na ugonjwa wa kisukari, daktari akamkataza asali, na mtu wa Tabora ukimkataza asali umemkataza mengi. Mkewe alikificha kibuyu cha asali ndani ya gunia la mpunga, mume akakipata, mke akakificha darini, mume akakipata, mke akakipeleka kwa jirani, chini ya kitanda cha mkwe wa jirani huyo, mume akakipata huko pia, akiwa na kioo chake mkononi. Katika miaka yote ya upelelezi, kibuyu hicho ndicho kitu pekee alichokitafuta yeye mwenyewe akakipata, nacho ndicho kilichomuua, hospitalini, asubuhi ya tarehe 14 Machi 1979, midomo ikiwa bado inanata.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia huku akiwashuku, majirani waliovumilia kuchunguliwa madirishani, na mafundi cherehani wenzake dada yangu waliochanga chakula cha leo.

Pumzika kwa amani, shemeji, na Veneranda naye apumzike.