Malkia Aliyepotea Gizani

Kwenye siti ya basi iliyo mbele yangu, fundi umeme mwenye ovaroli alikuwa akilisifia jumba jipya la michezo la mtaa kana kwamba amelizaa yeye. "Mchana paa linaingiza mwanga wa jua, dada. Usiku taa zinajizima zenyewe zisipoona mtu akitikisika. Umeme haupotei hata kidogo."

"Umeme haupotei, ila malkia wangu kapotea," akajibu mama aliyekaa naye. Kumbe anacheza sataranji, na malkia ni kete yake. Sikujua kama mchezo ule unatoa jasho, lakini yeye alishaanza kulowa. "Sisi hatukimbii, kaka. Tunakaa, tunawaza. Jana kwenye fainali taa zikatuona kama viti, zikazima. Kuwaka tu, malkia wangu hayupo ubaoni! Yule kinyozi niliyecheza naye, akiwa anashinda anajikuna kichwa kila saa ili ziendelee kuwaka. Akizidiwa, anakauka kama gogo."

Basi zima lilikuwa likisikiliza, kila mtu akijifanya anaangalia dirishani.

"Hilo si kosa la taa," fundi akasema.

"La nani, basi? Naenda kwenye kamati ya jumba sasa hivi. Lazima taa hizo zing'olewe!"

"Halafu mtaa mzima ulipie umeme wa nyinyi kuwaza?"

Basi likasimama kituoni. Fundi akakumbuka kitu. "Lakini dada, si ungepunga mkono tu? Zingewaka palepale."

Mama akainuka, akatundika pochi begani. "Ningepungaje, na mkono wenyewe umeshika farasi wa yule kinyozi?"