Kanisa la Matofali ya Kuazima

Wasikilizaji wapendwa, mlioko jikoni kule Kingsview Village, mlioko ndani ya gari mkitoka kazini, karibuni mketi nami. Leo tunamkumbuka fundi. Tunamkumbuka Mzee Gerishon, fundi wa mawe kutoka Meru, aliyetuaga mwezi wa pili akiwa na miaka sabini na sita, huko Pickering, nyumbani kwa binti yake Gakii.

Gakii ni muuguzi. Alimleta baba yake hapa Kanada miaka sita iliyopita, baada ya mama yake kufariki. Anakiri kwamba mwaka wa kwanza ulikuwa mgumu. Mtu aliyejenga kwa mawe miaka hamsini, sasa yuko kwenye kochi anatazama theluji. "Baba alikuwa anagonga kuta zangu kwa kidole," anasema Gakii, "halafu anatikisa kichwa. Ananiuliza, mwanangu, hii nyumba wamejenga kwa makaratasi?"

Halafu asubuhi moja mzee akakanyaga tofali. Tofali la plastiki, la kuchezea, lililoachwa sakafuni na mjukuu. Aliyewahi kulikanyaga pekupeku anajua utamu wake. Mzee akaliokota, akaligeuzageuza, akalitia mfukoni.

Wiki hiyohiyo simu ilikuwa imetoka nyumbani. Kanisa la mawe la kijijini kwao limebomolewa ili lijengwe kubwa zaidi. Wasikilizaji, hilo ndilo kanisa alilolijenga akiwa kijana, kazi yake ya kwanza. Humo alifunga ndoa. Humo Gakii alibatizwa. Picha ilikuwa moja tu, nayo imefifia.

Jumapili iliyofuata, wakati wa matangazo, Mzee Gerishon alisimama mbele ya kanisa letu. Akasema anataka kulijenga tena lile kanisa, kwa matofali ya watoto. "Sijaomba kupewa," akasema. "Naomba kuazima. Nikimaliza, na watu wakaliona, kila mtoto atarudishiwa yake." Shikeni neno hilo, wasikilizaji. Kuazima.

Watoto walileta makopo, walileta ndoo. Mzee akalaza mlango wa zamani juu ya masanduku mawili, kwenye chumba cha chini nyumbani kwa Gakii, akaanza. Kila mtoto alipewa mahali pake ndani ya jengo, ili matofali yao yasichanganyike. Mnara ulikuwa wa Wayne. Dirisha kubwa la mbele na ukuta ulio chini yake vilikuwa vya Melissa, mwenye miaka minane, binti wa Bosibori wa kanisani kwetu. Mzee alifunga uzi kutoka pembe hadi pembe. Akaning'iniza timazi kupima wima. Akaweka pima maji juu ya kila kozi, yaani kila mstari wa matofali. Gakii akamwambia, "Baba, si hizo ni toys tu?" Mzee akamjibu, "Ukuta uliopinda ni uliopinda."

Na sasa kosa. Kosa la fundi hasa, maana mimi na wewe tusingelifanya. Mzee hakuamini kwamba ukuta unaweza kusimama bila saruji. Kwake, mawe yasiyo na saruji ni rundo. Basi alinunua gundi. Kozi tatu za chini akazipaka gundi, moja baada ya nyingine, kwa uangalifu mkubwa.

Jumamosi moja Melissa akaja kutazama ukuta wake. Akajaribu kung'oa tofali moja. Akavuta, akavuta. Watoto wetu mnawajua, unawasemesha Kiswahili wanakujibu Kiingereza. Siku hiyo alijibu kwa Kiswahili. "Babu, yangu hayatoki."

Gakii alikuwepo. Anasema hajawahi kumwona baba yake akiaibika namna ile. Alikaa kwenye kiti, mikono magotini. Ahadi ni deni, na yeye ameitia gundi.

Wiki tatu, wasikilizaji. Wiki tatu mzee alikaa na beseni la maji moto na kisu cha siagi, akiyatenganisha matofali mia tatu, moja moja. Vidole vilichubuka. Yote yakatoka, isipokuwa mawili meupe ya Melissa. Hayo yalikataa katakata. Mzee alivaa koti lake la Jumapili, akaenda kwa Bosibori, akamwomba mtoto msamaha mbele ya mama yake. Melissa akasema, "It's okay." Mzee akasema, "Hapana. Ni yako." Kisha akayaweka pembeni kabisa, chini, yawe jiwe lake la msingi, asije akasahau. Akajenga upya bila gundi.

Kanisa lilikamilika mwezi wa kumi na moja. Matofali zaidi ya elfu saba. Mnara ulimfika Gakii begani. Tulipanga lionyeshwe Pasaka, lakini mzee hakuifikia. Moyo ulisimama akiwa usingizini. Waombolezaji ndio waliolishuhudia. Walishuka ngazi mmoja mmoja, na wa kutoka kwao walitambua hata mlango wa kwaya.

Hakuna aliyedai chochote. Bosibori mwenyewe alisema, "Wachana na kurudisha, Gakii. Kaa nalo, ni ukumbusho wa baba." Na Gakii alitaka kukaa nalo. Alifunga chumba majuma mawili. Kanisa la kwao halipo tena. Hili lilikuwa la mwisho. Kisha akaniambia hivi: "Baba hakukaa wiki tatu na maji moto ili mimi nivunje neno lake."

Jumamosi iliyopita watoto walirudi na makopo yao. Wayne akaanza na mnara. Walibomoa kutoka juu kwenda chini, polepole, na Gakii akawaimbia. Mwisho ukabaki ule mlango wa zamani, mtupu, na pembeni matofali mawili meupe, yameshikana. Gakii akampa Melissa. Melissa akayatazama, akamrudishia kiganjani.

"Haya ni ya Babu," akasema. "Yeye ndiye aliyeyashikanisha."

Sasa yako dirishani kwa Gakii, juu ya sinki.

Gakii, wanao, na ukoo wote kule Meru, poleni sana. Mungu awafariji. Mzee Gerishon, asante. Tunakushukuru kwa kutujengea, na tunakushukuru zaidi kwa kurudisha. Nawe msikilizaji wangu, jioni ya leo tazama nyumbani kwako. Kuna cha mtu hapo. Mpelekee.