Fundi Kwanini na Masizi ya Bi Mkubwa

Tarehe thelathini ya mwezi huu, karakana ikifungwa jioni, Fundi Kwanini atavua ovaroli aliyoivaa kwa miaka thelathini na mmoja katika utumishi wa hospitali yetu. Si ovaroli ileile, jamani, amebadilishiwa nyingi. Ila doa la grisi kwenye mfuko wa kifuani ni lilelile, sijui huwa analihamisha. Kamati ya sherehe imenikabidhi mimi kuandika wasifu huu. Wapo walionong'ona kwamba kazi hii ilifaa apewe aliyemaliza shule. Nawakumbusha kwamba wa mstaafu aliyepita uliandikwa na waliomaliza shule, na nusu ya ukumbi ilisinzia.

Fundi alianza kwa kuziba pancha, akapanda kwenye breki, akaingia injini, mpaka akawa kiongozi wa mafundi wote. Kuanzia magari ya wagonjwa hadi lori la taka, hakuna lililokwepa mikono yake. Jina la Kwanini alilipata kihalali. Ukimwambia betri imekufa, hakimbilii betri, anataka kujua kwa nini imekufa. Ukijibu kwamba taa ziliachwa zinawaka, atataka kujua kwa nini ziliachwa. Dereva mmoja alijikuta anamsimulia ugomvi wake na mkewe tangu mwanzo hadi mwisho, na betri bado haijaguswa.

Ana jambo lake lingine, nalo ni sikio. Gasketi, yaani ile karatasi ngumu inayobanwa katikati ya vyuma viwili ili kitu kisivuje, sisi wengine tunaikata tukifuata ukingo, basi. Yeye hubakiza kipande kidogo kinachochomoza nje kama sikio. Tumemcheka sana, tukisema gasketi zake zinasikiliza umbea wa injini. Husema sikio ni la fundi atakayefungua kesho: alishike, avute, asikwangue chuma kwa bisibisi. Naomba msomaji alikumbuke sikio hilo.

Sasa nije kwa Bi Mkubwa. Huyu ni gari la dizeli linalopeleka wauguzi na chanjo kwenye zahanati za mlimani, kuukuu kiasi kwamba baadhi ya wauguzi anaowabeba walizaliwa akiwa tayari barabarani. Anaendeshwa na shemeji yake Fundi, kaka wa mke wake, na wawili hao hawajawahi kusalimiana bila kuchokozana.

Mwaka huu Bi Mkubwa alishikwa na ugonjwa wa kurudia. Taa ya injini inawaka, nguvu zinamwishia kwenye mwinuko, moshi mweusi unafunika barabara. Mimi ndiye ninayeshika mashine ya kusoma makosa ya injini, na kwa mashine hiyo sijaona mpinzani hapa. Niliichomeka, ikajibu mara moja: EGR. Hiyo ni vali inayorudisha sehemu ya moshi wa ekzosi ndani ya injini ukachomwe tena. Ikijaa masizi inakwama wazi, injini inavuta moshi mahali pa hewa safi, na hapo mlima unageuka ukuta. Niliifungua, nikaisugua hadi ikang'aa, nikafuta kosa, taa ikazima. Baada ya wiki chache ikawaka tena. Nikasugua tena. Ikanunuliwa vali mpya kabisa, nayo ikaenda njia ileile.

Mkuu wa usafirishaji akachoka. Alitangaza kwamba taa ikiwaka mara moja zaidi, Bi Mkubwa anaingia mnadani. Hatukuwa na gari lingine la kupanda kule juu, na shemeji alileta habari kwamba muuguzi mkuu anamuuliza awaambie nini kina mama wa mlimani siku ya chanjo. Fundi naye alikuwa anahesabiwa wiki za kustaafu. Alisema hawezi kwenda kulala usingizi wa mstaafu huku hajui kwa nini.

Kila mmoja alikuwa na jibu lake. Wengine walilaumu dizeli chafu. Wengine walimlaumu shemeji kwa kuacha injini inanguruma bure akipiga soga zahanati, na shemeji akasusa chai. Fundi aliwasikiliza wote, kisha akapaka masizi ya Bi Mkubwa kwenye kigae cheupe, pembeni akapaka ya lori la taka. Akapuliza. Ya lori yakaruka kama unga. Ya Bi Mkubwa yakaganda palepale, yananata kama lami.

Kwa siku kadhaa alizunguka na kigae hicho. Alimwonyesha mlinzi, alimwonyesha mfamasia, na hatimaye akamfikishia mpishi wa jiko la wagonjwa. Mpishi alimwambia kwamba masizi ya kunata anayaona kwenye bomba la jiko lake kila moto unapokuwa mdogo. Moto ukikolea, bomba linabaki kavu. Fundi alirudi karakana karibu anakimbia, na mtu wa umri wake akikimbia na kigae mkononi, watu wanasimama.

Swali likawa jipya: kwa nini moto wa Bi Mkubwa ni mdogo? Mshale wa joto kwenye dashibodi ulikuwa umelala chini miaka nenda rudi, nasi tulishakubaliana kwamba geji imekufa. Fundi alichukua boksi la glavu, akalifungua likawa ubao, akafunika nusu ya rejeta inayopoza maji ya injini, ili upepo usiipoze sana. Tukatoka barabarani, shemeji kwenye usukani. Hatujafika mbali, mshale ukaamka, ukapanda polepole kama mtu aliyeitwa jina lake. Geji ilikuwa nzima kabisa. Injini ndiyo ilikuwa inafanya kazi ikiwa baridi.

Ikabaki kitu kimoja cha kutazama: themostati, kile kidude kinachozuia maji ya rejeta mpaka injini ipate moto wake. Mkuu alikuja kushuhudia kwa macho yake. Nilishika spana mimi, nikafungua kifuniko. Ndani patupu. Mtu aliing'oa themostati akafunga bila kuirudisha. Na kwenye ukingo wa kifuniko ilikuwepo gasketi nyeusi ya zamani, yenye sikio.

Mkono wangu ni mwepesi kuliko jicho la mkuu. Niliibandua gasketi nikaifumba kiganjani kabla hajainama. Lakini Fundi alikuwa ameona.

"Fungua mkono, kijana."

Nilijifanya nasikia mlio wa kompresa ya upepo tu.

"Fungua. Hilo sikio ni langu."

Nikafungua. Akaichukua, akamkabidhi mkuu, akamweleza bila kuzunguka. Kiangazi kimoja cha zamani, Bi Mkubwa alichemka mlimani akiwa na wauguzi, themostati imekwama, spea hakuna. Fundi alipandishwa na pikipiki, akaing'oa, akakata gasketi kwenye boksi la dawa, gari likashuka salama. Alisema ataweka nyingine wiki inayofuata. Lakini Bi Mkubwa hakuchemka tena, watu wakamsifu, na sifa zikamsahaulisha, huku masizi yakijikusanya kimyakimya kwenye mabomba hadi mwaka huu.

"Miezi yote hii nauliza kwa nini," alisema, "kumbe mwenye jibu ni mimi."

Shemeji, ambaye tulidhani amepata silaha ya kumchapia hadi kaburini, akafuta usukani kwa kitambaa, akasema, "Siku ile bila wewe tungelala mlimani, shemeji." Mkuu aliigeuzageuza gasketi, akaiweka mfukoni. Akasema mnada utasubiri mpaka siku ya Fundi kustaafu, na taa ndiyo itakayoamua.

Themostati mpya iliwekwa. Bi Mkubwa alipanda mlima wiki baada ya wiki, na kila aliporudi tulikimbilia dashibodi kabla ya kumsalimia dereva. Wiki iliyopita Fundi aliniambia nifungue vali. Masizi yalikuwepo kidogo, kama ya injini yoyote ile yenye umri. Akapaka kigaeni, akapuliza, yakaniruka yote usoni. Sijawahi kufurahia uchafu namna ile. Mkuu ameshaliondoa jina la Bi Mkubwa kwenye orodha ya mnada.

Fundi wetu, asante kwa magari uliyoyafufua, na kwa watu uliowarudisha makwao bila wao kujua ni nani aliyekaza nati. Gasketi zote za karakana hii sasa zinakatwa na sikio. Za kwangu, nisifiche, zinapendeza kuliko zako. Anayefungua atashika kwa urahisi, na tukikosea, atajua ni nani wa kumuuliza.

Sherehe ikiisha, Bi Mkubwa ndiye atakayekupeleka nyumbani, taa imezima, mshale katikati. Shemeji ameapa kwamba utakaa kiti cha nyuma na boneti hutaigusa. Kapumzike na mkeo, shangazi yetu sote, ulale mpaka jua likuone, na kila siku mpya ikuletee jambo la kulishangaa. Maisha yako yawe mema, Fundi.